Chupa Ilirudi Tupu

Mtoto akitoka uwanjani akasema kichwa kinamuuma, wengi wetu tunamjibu bila kugeuka. Nami nilimjibu hivyo binti yangu Tabitha, nikiwa nimeinama nyuma ya friji la mtu: "Kunywa maji, ukalale." Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akicheza winga ya kulia katika timu ya wasichana ya shule yake, hapa Mkonze, Dodoma. Naandika haya kwa sababu ameniruhusu, na kwa sababu najua kuna mzazi ambaye leo jioni atajibu bila kugeuka.

Mimi si daktari. Ni fundi wa mafriji, nina kibanda Majengo karibu na wauza nafaka, na ufundi wenyewe sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua mafriji yaliyokufa na kusoma vitabu vya mitumba, hadi nikaelewa jambo moja lililoniweka mjini: kukiwa na hitilafu, usikisie. Ondoa sababu moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja. Hivyo ndivyo nilivyokishughulikia kichwa cha mtoto wangu, na hivyo ndivyo nilivyokaribia kumpoteza.

Julai na Agosti huwa tuna upepo, na vumbi linaloingia hadi kwenye kopo la sukari, lakini jua linavumilika. Miezi hiyo Tabitha alicheza bila kulalamika. Maumivu yalianza upepo ulipokata, Septemba ikielekea mwisho, nayo yalikuwa na tabia yake. Siku asiyocheza hayakuja. Siku ya mazoezi yalifika naye nyumbani. Alikaa kizingitini na viatu vyake miguuni, akabana mapanja ya kichwa kwa vidole, macho ameyafumba. Midomo ilikuwa imepasuka, na jasho lilikuwa limekauka mashavuni likaacha mistari myeupe ya chumvi.

"Tabi, vipi?" mama yake aliuliza.

"Kichwa tu."

"Kichwa tu ndiyo nini? Kinabana au kinagonga?"

"Kinagonga. Kama kuna mtu ndani anataka kutoka."

Tulianza na kituo cha afya, kama kila mtu. Benchi la mapokezi pale limesuguliwa na makalio ya watu hadi linang'aa, na aliyewahi kukaa na mtoto anayeumwa kichwa mahali pale anajua kwamba mlango ukigongwa mtoto anaruka. Nilimlaza kichwa chake pajani kwangu, nikamfunika macho kwa kofia yangu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alituangalia, akasogea pembeni, akasema, "Tangulieni, mimi ni mguu tu, hauna haraka." Malaria hawakuiona. Walisema mkojo wake si msafi, wakatupa dawa za kumeza. Alizimeza zote, na kichwa kikaacha. Niliridhika. Sikujumlisha kwamba wiki hiyo shule ilikuwa kwenye mitihani na mazoezi yalisimamishwa. Mitihani ilipoisha, kichwa kikarudi.

Nikaendelea na orodha yangu. Tulimpeleka kupimwa macho, yalikuwa mazima. Nikabadilisha kifungua kinywa, badala ya chai na andazi akawa anapata uji wa mtama uliotiwa ubuyu, akashiba, lakini kichwa kiliendelea kuuma. Nikafika kwenye maji. Nilimnunulia chupa ya bluu ya lita moja yenye kamba ya kuning'iniza begani. Kila asubuhi niliijaza mwenyewe maji yaliyochemshwa, na kila jioni niliiomba. Alikuwa akiigeuza na kuitikisa mbele yangu kabla sijasema neno.

"Tupu, baba."

Chupa ilirudi tupu kila siku ya Mungu. Nikaondoa maji kwenye orodha.

Lazima nieleze hali ya maji nyumbani kwetu, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Bomba letu hutoa maji kwa zamu, na kiangazi kikikaza zamu yenyewe hupotea. Na shuleni kwa Tabitha, kama ilivyo shule nyingi za Dodoma siku hizi, kila mwanafunzi amepewa mti wake wa kutunza. Wake ulikuwa mwarobaini, umepandwa kando ya uwanja wa mpira, na una kibao chenye jina lake. Alikuwa akibeba kidumu asubuhi kwa ajili ya huo mti. Bomba lilipokauka, mama yake akakisimamisha kidumu.

"Sisi tunaogea bakuli, halafu mti uoge dumu? Waambie walimu mti wako usubiri mvua, kama tunavyosubiri sisi."

Tulicheka wote mezani, isipokuwa Tabitha. Lile nililiona, nikalipita.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Chemba kukaa nasi kidogo. Ni mwanamke wa maneno machache, na kwa desturi yao na yetu, mama mkwe na mkwewe hawazungumzi kila jambo. Tunasalimiana kwa heshima, ananiuliza habari za kazi, basi. Alilala chumba kimoja na Tabitha. Alikuwa na maoni yake kuhusu mtoto wa kike kukimbizwa juani saa nane mchana, nayo aliyatoa kwa mke wangu jikoni, kwa sauti ya kutosha ili mimi niliyekuwa uani niyasikie. Mke wangu alianza kukubaliana naye. Mimi nilisema mchezo haumuui mtu, na kwamba nikishapata sababu nitaiondoa. Ilifika mahali tukawa tunazungumza kupitia mtoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nakuja.

Tabitha akajifunza kunyamaza. Hilo sikuligundua hadi baadaye. Aliposikia mama na bibi yake wanataka aache mpira, aliacha kusema kichwa kinamuuma. Alikuwa akifika, anavua viatu, anaingia chumbani, anageukia ukuta. Mimi nikahesabu hizo kuwa siku alizopona.

Mechi ilikuwa ya kirafiki na shule ya jirani, Novemba. Ule ni wakati ambapo mawingu hujikusanya kwa mbali bila kuleta kitu, na joto halipandi wala halishuki, linakaa tu. Nilifunga kibanda nikaenda. Sikuwa nimewahi kumwona akicheza.

Kipindi cha kwanza alikimbia vizuri kuliko nilivyodhani mtoto wangu anaweza. Kipindi cha pili kilipoanza niliona jezi yake imekauka, wakati jezi za wenzake zimegandamana na migongo kwa jasho. Nikafikiri: binti yangu ana pumzi kuliko wote hawa. Nilimgeukia mtu aliyekuwa pembeni yangu nikamwambia, "Yule ni wangu."

Muda mfupi baadaye akapata mpira, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea goli la timu yake mwenyewe.

"Winga kapotea! Mrudisheni njiani!"

"Refa, mpe ramani huyo!"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Aliuacha mpira, akaenda hadi kwenye nguzo ya goli, ambayo ni gogo tu lililochimbiwa ardhini, akapiga magoti. Akanyoosha mkono usio na kitu, akauinamisha polepole kwenye shina la lile gogo, kama mtu anayemimina. Akarudia. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Kipa wao, Zuhura, ambaye ni rafiki yake wa kukaa dawati moja, alimwita kwa jina. Kicheko kilipungua kidogo kidogo, upande mmoja wa uwanja kisha upande wa pili. Tabitha akalala ubavu taratibu, kama anayetafuta usingizi.

Nilipomgusa mkono wangu ulijiondoa wenyewe. Nimeshika migongo ya kompresa zilizoungua. Joto lile nalijua. Ngozi ilikuwa kavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama mimi.

Mwalimu wa michezo alikimbia na ndoo ya maji. Watu wakamzuia.

"Usimmwagie! Mwili una moto hivyo, atapata kichomi!"

"Mfunikeni, ana homa huyo!"

"Muacheni kwanza apoe mwenyewe!"

Kila mtu alikuwa amewahi kusikia habari ya fulani aliyemwagiwa maji ya baridi mwili ukiwa na moto, akafa. Nilikuwa nimeisikia pia, tangu utotoni. Nilisimama katikati yao nimeshika kanga ambayo mtu alikuwa amenipa nimfunike nayo, na sikujua niifanyie nini. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuondoa joto mahali lilipo na kulipeleka kwingine, sikujua.

Kulikuwa na mama muuza barafu za ubuyu, zile nyekundu za kwenye mifuko midogo. Alipenya na boksi lake kichwani, akalitua, akafungua mfuniko.

"Kichomi tutakitibu kesho," alisema. "Mimi nauza baridi, ngoja nimpe baridi."

Akaanza kuzipanga. Kwapani, shingoni, kwenye mapaja. Akaniambia nimvue mtoto viatu na soksi, niloweshe kanga kwenye ndoo nimfunike nayo hivyo hivyo ikiwa na maji, na wengine wapepee kwa chochote. Watu waliokuwa wanabisha wakaanza kupepea kwa kofia na madaftari. Mtu mmoja alitaka kumnywesha maji, mama yule akamsukuma mkono: "Hajijui huyo, utampalia." Mifuko ilipasuka, ubuyu ukayeyuka ukamchuruzika mwili mzima. Ndani ya bajaji iliyotupeleka hospitali nilimpakata huku mwalimu akimpepea, maturubai ya pembeni tumeyakunja juu ili upepo uingie. Dereva hakuuliza kitu isipokuwa, "Mzee, yupo?" Kila baada ya kona aliuliza tena. "Yupo?"

Hospitalini nesi alipoona wekundu ule alikimbia akidhani ni damu. Nikasema, "Ni ubuyu." Alinitazama kama aliyeniona mimi ndiye mgonjwa.

Walimchukua. Mlango ukafungwa. Sitaeleza walichofanya ndani, sikukiona, na nilichoambiwa nilielewa nusu. Naweza kueleza benchi. Lilikuwa la chuma lenye matundu, na feni iliyokuwa juu yetu ilizunguka huku ikitoa mlio nilioujua: bearingi imekwisha, itafanya kazi siku chache tena itasimama. Nilikaa nasikiliza feni ya watu inavyokufa. Walifika mke wangu na mama yake. Mke wangu alitazama shati langu lililokuwa na ubuyu, akakaa mwisho wa benchi. Kati yetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mjukuu wake. Alikuwa na chupa ya chai. Alimimina kwenye mfuniko, akanipa mimi, akamimina tena, akampa mke wangu, kisha akainuka akasema anakwenda kunyoosha miguu, na hakurudi kwenye ile nafasi. Nadhani alituachia makusudi. Hatukuijaza.

Daktari alitoka akatuambia mtoto amepigwa na joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza, na kwamba kilichosubiriwa sasa ni figo. Aliuliza nani alimwekea barafu. Nikamwambia. Akasema, "Sawa," akarudi ndani.

Mkojo wake wa kwanza ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwa siku zilizofuata maisha yetu yote yalikuwa ndani ya ule mfuko wa plastiki ulioning'inia kitandani. Ulipoongezeka tulisalimiana. Ulipokuwa mtupu hakuna aliyemtazama mwenzake. Niliwahi kuona watu wakisubiri mvua kwa macho yale.

Ndipo mama mkwe alipozungumza nami. Alikaa kwenye benchi akanipa ubavu, akatazama ukutani, akasema kama anayeuambia ukuta.

"Mkwe, unisamehe. Huyu mtoto tangu nije, akirudi shule haendi chooni. Mpaka asubuhi. Nilimwambia mwenzio. Akaniona nina mambo ya kizee. Kukwambia wewe niliona haya."

"Lakini anakunywa maji, mama. Chupa inarudi tupu."

"Mimi sijasema habari ya chupa," alisema.

Tabitha alipoanza kuzungumza, neno la kwanza lililosikika lilikuwa "mti". Alilisema tena jioni yake: "Mti wangu." Nesi akasema wanaozinduka husema mengi, tusiyatilie maanani. Tulishukuru kwamba anasema. Siku aliyoweza kukaa na kuegemea mto, mwalimu alikuja na Zuhura, ambaye alikuwa amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi na amebeba ndizi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo bibi." Alizunguka kitanda akisalimia kama mgeni mkubwa, kisha akamwinamia Tabitha. "We Tabi, mti wako haujafa. Mimi nimeumwagilia."

Tabitha alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Ila mimi nakunywa kwanza," Zuhura aliendelea, "ikibaki ndiyo naupa. Sio kama wewe unaupa chupa nzima. Mti wenyewe mnene kuliko wewe sasa hivi."

Alicheka peke yake. Hakujua alichosema, mpaka alipoona hakuna mtu mzima anayecheka. Mwalimu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia yake mkononi.

"Chupa ipi?" mke wangu aliuliza.

"Ile ya bluu," Zuhura alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi tukifika. Mwalimu alisema... mchezaji ambaye mti wake umekufa hachezi."

Mwalimu alijaribu kusema kitu. "Baba Tabi, ile kauli... niliisema kama utani. Wachezaji wawe mfano. Nilisema tu kwa kuwachangamsha."

"Najua, mwalimu," nikamjibu. Na nilikuwa najua. Na mke wangu alikuwa anakumbuka kidumu. Na mimi nilikuwa naiona chupa ikitikiswa mbele ya uso wangu. Kisha nikaiona ile nguzo ya goli, na mtoto amepiga magoti, na mkono usio na kitu ukimimina. Mchana ule akili yake ilipokuwa inamtoka, ilikuwa imebakisha kazi moja, na alikuwa anaifanya. Na sisi tulikuwa tunacheka.

Tulitoka hospitali mvua za Desemba zikiwa zimeanza. Bomba likarudi. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikuta kidumu kimejazwa, kimewekwa mlangoni. Tabitha hakuwa anakwenda shule bado. Kidumu kilikaa pale siku nzima, jioni mke wangu akamwaga maji kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, asubuhi akakijaza tena. Alifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Sikumuuliza. Mimi nami kila niliposikia maji yakimiminwa popote, hata chai, nilinyanyua kichwa.

Mwili wake ulirudi kwa vipande. Mkono ulitetemeka akishika kalamu, na herufi zake zikawa za mtoto wa darasa la kwanza. Alisahau majina ya vitu vidogo: kijiko, kitasa. Alichoka akitoka kitandani hadi mlangoni, akakaa chini akicheka kwa aibu. Nywele zilikatika mbele. Vipimo vya figo tulivirudia mvua zikiwa zimekolea, tukavirudia tena wakati wa kuvuna zabibu, na mara hiyo daktari alisema ziko salama. Mke wangu aliinama akafunga kamba za viatu vyangu ambazo hazikuwa zimefunguka. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kurudi kuzungumza nami.

Sasa niseme nililojifunza kwa ajili yako ambaye mtoto wako kichwa kinamuuma akitoka kucheza. Usianze na dawa ya maumivu. Mtoe juani kwanza. Mvue viatu na soksi, umloweshe shingo, kwapa na uso kwa kitambaa cha maji, umpepee. Mpe maji kidogo kidogo huku akiwa amekaa, mbele ya macho yako. Kama amevuja jasho sana, mpe ule unga wa chumvichumvi wa kuhara unaouzwa duka la dawa, ukiuchanganya kama ulivyoandikiwa. Mara nyingi kichwa kitatulia akiwa bado ameegemea ukuta wako. Kisipotulia, au akitapika, akapepesuka, akasema maneno yasiyo na mpango, au mwili ukawa wa moto sana huku hajielewi, hilo si la nyumbani. Kimbia naye, ukimpoza njiani. Mmwagie maji. Watu watakwambia kichomi, waache waseme. Kama hajijui usimtie kitu mdomoni. Na mtazame mkojo, mkwe wako akikutajia msikilize. Ukijaza chupa ya mtoto, usiulize kama imerudi tupu. Uliza alikunywa saa ngapi, na amekojoa vipi. Aibu hiyo ni ndogo kuliko benchi lile.

Shule ilibadilisha utaratibu. Mazoezi yamehamishiwa asubuhi na jioni jua likishatulia, na wachezaji hunywa maji wakiwa wamesimama mstari mbele ya mwalimu, yeye pia akinywa. Kauli ile ya miti haijarudiwa. Mwalimu alikuja nyumbani kutuambia hayo yeye mwenyewe, akakataa kiti, akanywa maji tuliyompa hadi tone la mwisho, na wote tulimtazama akinywa.

Joto la mwaka uliofuata lilipofika tulikuwa watu watatu tunaoogopa na mtoto mmoja anayeomba. Bibi alikuwa amesharudi Chemba lakini alipiga simu kila jioni, akamtaka Tabitha mwenyewe, akamuuliza jambo moja tu, lile lile, bila haya siku hizi. Mama yake alikataa katakata mpira. Tabitha hakubishana. Aliacha kula vizuri, akakaa kizingitini akitazama barabara. Nikaogopa ule ukimya kuliko jua, maana niliwahi kuuhesabu kuwa ni afya. Tukakubaliana naye: daktari aruhusu, aanze kidogo, na kichwa kikiuma aseme hapo hapo, na akisema hatutamwachisha. Hilo la mwisho mama yake alichukua muda kulitamka. Alilitamka.

Juzi nilikwenda kumtazama mazoezini. Mwarobaini wake upo. Miti mingi ya mstari ule ilikauka kabla ya mvua kufika, wake haukukauka. Umempita kimo, una majani yanayong'aa, na kivuli chake kinatosha watoto wawili. Watu husema ni mti mzuri kuliko yote pale uwanjani. Sijawahi kukaa chini yake.

Walipumzika. Tabitha na Zuhura wakaenda kujitupa kivulini.

"Baba, njoo huku! Utaumwa kichwa wewe!"

"Niko sawa hapa."

"Mzee anauogopa mti," Zuhura alisema, na wote wawili wakacheka.

Tabitha akafungua chupa ya bluu. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, mpaka mwisho. Kisha akaigeuza chupa, akaitikisa mbele yangu kama zamani.

"Tupu, baba."

Nikatazama udongo kwenye shina la mti. Ulikuwa mkavu.